Kutoka Dungu hadi Kengele Isiyo na Waya: Nani Anakaa Macho Usiku?



Tangu mavuno yaanze nimeulizwa swali moja na watu wengi: "Afisa, zile kengele zisizo na waya zinafaa? Ile unaifunga njiani, gari au mtu akipita inalia ndani ya nyumba?" Jibu fupi ni ndiyo, zinafaa. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nayo na bado magunia 6 ya mahindi ya dada yangu yaliondoka usiku mmoja wa masika kwa kirikuu. Asubuhi nilipokwenda kuikagua sensa kwenye nguzo ya geti, nilipita mbele yake na taa yake ikawaka vizuri. Ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kile kipande cha ndani, kinachopaswa kupiga kelele. Hakikuwa na umeme, na mahindi yale yalikuwa ada ya shule ya watoto wawili.

Baada ya tukio lile nilianza kujiuliza wazee wetu walilindaje mali kabla ya vifaa hivi, na walishindwa wapi. Nilichojifunza ni kwamba ulinzi wowote, wa zamani au wa sasa, una kazi tatu: kuona, kuita na kuitikia. Kila kazi kati ya hizo inahitaji kulishwa. Ukilisha moja ukasahau nyingine, mwizi anapita hapohapo ulipopasahau. Nitakueleza historia hiyo kwanza, kisha tuje kwenye kuchagua kifaa na kukipatia umeme.

Wakati mlinzi alikuwa mtoto

Karibu kila sehemu ya nchi yetu wakulima wamejenga dungu, yaani kichanja kirefu katikati ya shamba chenye paa dogo la nyasi. Mtu alipanda juu akakaa kuamia ndege wa mtama, mpunga na uwele. Mkononi alikuwa na kombeo au rundo la mawe. Wengine walifunga kamba kutoka dunguni hadi pembe zote za shamba, na kwenye kamba wakaning'iniza madebe, makopo na vibuyu vyenye kokoto. Akivuta kamba moja, kelele inatokea mita hamsini mbali naye, na kwelea kwelea wanaruka.

Ukiitazama kamba ile utaona ni ndugu wa kengele ya leo, kwa sababu inapeleka ishara mahali ambapo mtu hayupo. Usiku kazi iligeuka: nguruwe pori wakigusa kamba, debe lililia dunguni na mlinzi akaamka.

Mfumo ule haukuhitaji betri, lakini haukuwa wa bure. Chakula chake kilikuwa usingizi wa watu. Mchana waliolinda ndege na nyani mara nyingi walikuwa watoto, na mwalimu yeyote wa kijijini anajua madawati yanavyokuwa matupu mtama unapoanza kukomaa. Usiku waliolala dunguni walikuwa watu wazima, waliokutana na mbu, baridi na wanyama wakali. Kwa hiyo anayesema zamani ulinzi haukuwa na gharama, hajawahesabu waliolipa.

Umbali kati ya kitanda na shamba

Jambo moja liliusaidia ulinzi wa zamani: kaya nyingi ziliishi ndani au kando kabisa ya mashamba yao. Mbwa akibweka, baba alisikia akiwa kitandani.

Hali hiyo ilibadilika sana miaka ya 1970. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini Tanzania Bara wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni ya watu walihamia kwenye makazi ya pamoja. Shule, zahanati na visima vilikuwa rahisi zaidi kuwafikia watu waliokaa pamoja. Lakini kwa wengi shamba lilibaki kulekule, na nyumba ikawa mwendo wa saa nzima au zaidi. Kelele za madebe hazikufika tena kitandani.

Tangu hapo swali la ulinzi kwa mkulima limekuwa swali la umbali. Hata leo anayeniuliza habari za kengele, ukimchunguza, utakuta tatizo lake ni lilelile: ghala liko nyuma ya duka, banda la mbuzi liko mita 150 kutoka nyumbani, au shamba la parachichi liko ng'ambo ya korongo.

Filimbi na mwano

Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukaongezeka, hasa Usukumani na Unyamwezini. Mwaka 1981 na 1982 wananchi wa maeneo ya Kahama na Shinyanga walianza kujipanga wenyewe, na ndiyo ikawa sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, lakini chombo chao kikubwa, kwa maoni yangu, kilikuwa sauti. Ng'ombe wakiibwa, ulipigwa mwano, yaani yowe la kuomba msaada, pamoja na filimbi. Aliyesikia alilazimika kutoka na yeye apige, ili kijiji cha pili kisikie. Asiyetoka alitozwa faini. Kwa njia hiyo habari ilimtangulia mwizi aliyekuwa akitembea na mifugo.

Sungusungu walikuwa na makosa yao. Kuna waliopigwa na kuuawa bila kufikishwa mahakamani, baadhi kwa tuhuma za uchawi, na hilo hatuwezi kulisifu. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989 kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Lakini kwenye suala letu la leo, walitufundisha jambo ambalo kiwandani halitengenezwi: kengele bila mtu wa kuitikia ni kelele tu. Wenzetu husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ile ilikuwa na maana kwa sababu watu walitoka.

Nguvu zaingia ndani ya kopo

Sasa tuangalie upande wa umeme. Mwaka 1853 Mmarekani Augustus Russell Pope, wa jimbo la Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya wezi ya umeme. Mlango au dirisha likifunguliwa, nyaya mbili ziligusana, umeme ukapita na kengele ikalia. Miaka michache baadaye Edwin Holmes alinunua haki ya uvumbuzi huo na kuufanya biashara.

Umeme wa kengele zile ulitoka kwenye betri za majimaji. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na kaboni ndani ya chupa yenye maji ya chumvi ya amonia, na ikatumika sana kwenye simu za telegrafu na kengele za milango. Ilikuwa nzuri, ila ukiiinamisha inamwagika. Miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner aliyageuza majimaji yale kuwa ujiuji mzito na kuufungia ndani ya kopo la zinki. Hiyo ndiyo betri kavu, babu wa betri za tochi unazonunua dukani.

Kwetu betri kavu zilienea pamoja na redio na tochi. Miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri za National zikawa jina la nyumbani. Wengi wetu tumekua tukiziona betri zikianikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Joto huiamsha betri iliyochoka kwa muda mfupi, lakini haliijazi. Ndiyo maana redio ilirudi kufifia kabla ya taarifa kwisha. Ukumbuke hilo utakapokuwa unapanga kuhamishia kwenye kengele betri ulizotoa kwenye tochi.

Kengele inatoka mlangoni na kwenda njiani

Kengele ya Pope ililinda mlango. Iliyohamia njiani tuliipata kwenye vituo vya mafuta vya Marekani. Walitandaza mpira mwembamba wa hewa mahali magari yanapoingilia. Tairi likiukanyaga, hewa ilisukuma swichi na kengele ikalia ndani, mhudumu akatoka. Wenye nyumba na mashamba yenye njia ndefu nao wakaona inafaa.

Baadaye zikaja sensa zinazofukiwa ardhini ambazo hutambua chuma cha gari kinapopita karibu. Kisha zikaja zinazotambua joto. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1800 mwanasayansi William Herschel, akiwa Uingereza, aliweka kipimajoto pembeni ya mwanga mwekundu wa jua uliopita kwenye kioo, mahali pasipo na mwanga wa kuonekana, na bado joto likapanda. Mionzi ile ndiyo mwili wa binadamu na mnyama hutoa wakati wote. Sensa ya leo hungoja mionzi hiyo ibadilike mbele yake. Ikibadilika, hutuma ishara kwa redio ndogo hadi kwenye kipokezi ndani ya nyumba, bila kuchimba mtaro wa waya.

Kwa hiyo kifaa unachouziwa kina vipande viwili: sensa njiani na kipokezi ndani.

Chagua kwa kumtazama mgeni wako

Usianze na bei wala ukubwa wa sauti. Anza na kujiuliza ni nani unataka akuamshe.

Kama unaogopa watu na wanyama, chukua sensa ya joto. Nyingi huona vizuri ndani ya mita 10 hivi. Ifunge kwenye kimo cha kiuno hadi kifua, ikitazama njia kwa ubavu, maana huhisi haraka zaidi kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokuja moja kwa moja. Isitazame jua la asubuhi wala la jioni. Fyeka majani yaliyo mbele yake, kwa sababu jani lililopashwa na jua likitikiswa na upepo huleta kelele za bure. Ujue pia udhaifu wake: mahali pa joto kali kama Dodoma mchana wa Oktoba, hewa na ardhi vikikaribia joto la mwili, inaweza isimwone mtu. Usiku, wakati wezi wengi wanapokuja, hufanya kazi vizuri zaidi.

Kama unaogopa magari tu, chukua ya kufukia inayotambua chuma. Mbuzi, kuku na watoto hawataiamsha. Kenta na kirikuu itaviona, lakini bodaboda lazima ipite karibu nayo kabisa, na anayekuja kwa miguu haitamwona.

Kama njia ni nyembamba na ina nguzo pande zote mbili, ipo ya mwale, yenye kipande huku na kipande kule. Atakayekata mwale anaiamsha. Kelele za bure ni chache, ila inahitaji umeme pande zote mbili.

Halafu uliza habari za redio yake. Umbali ulioandikwa kwenye boksi umepimwa uwanja wazi. Kilima, migomba iliyolowa mvua na kuta za bati huupunguza sana. Kabla hujafunga moja kwa moja, mtu mmoja ashike sensa pale getini, mwingine asikilize kitandani, mlango ukiwa umefungwa. Jaribu mara kumi. Ikilia mara saba, usiinunue, au sogeza kipokezi dirishani.

Angalia pia masafa. Vifaa vingi vinavyofaa huku hutumia megahezi 433. Vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia megahezi 900 na kitu, ambayo kwetu ni eneo la mitandao ya simu. Vifaa vya redio nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kutoa hela.

Hesabu ya umeme, hapa ndipo nilipoibiwa

Watu wengi hudhani sensa ya njiani ndiyo inayokula umeme mwingi kwa kuwa inakaa macho usiku kucha. Ni kinyume. Sensa husinzia, na huamka kwa sekunde chache tu inapohisi kitu. Kipokezi ndicho kisicholala, kwa sababu lazima kisikilize kila sekunde.

Tuchukue mfano wa hesabu. Soma namba halisi kwenye karatasi ya kifaa chako.

Sensa inakula miliampea 0.1. Kwa saa 24 ni miliampea-saa 2.4. Betri nzuri za alkalini zenye miliampea-saa 2,000 zingefika zaidi ya miaka miwili kwenye karatasi. Kwa kuwa kila ikituma ishara inakula zaidi, na jua huchosha betri, wewe badilisha kila msimu. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na ya zamani. Betri za bei ya chini za zinki na kaboni hushuka nguvu mapema na huvuja na kuoza vyuma vya ndani. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na vifaa vingine hukataa kufanya kazi nazo. Jaribu kwanza.

Kipokezi cha volti 12 kinakula miliampea 30. Kwa saa 24 ni miliampea-saa 720. Betri ndogo ya maji yenye ampea-saa 7 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 3,500. Gawanya kwa 720, unapata siku 4 na ushee. Jua likipotea wiki nzima, kengele yako imelala.

Kwa paneli ya sola, kipokezi hicho kinahitaji wati-saa 8.6 kwa siku. Paneli ya wati 5 ikipata saa 4 za jua kamili hutoa wati-saa 20, na baada ya upotevu wa njiani hubaki kama 14. Inatosha kiangazi. Kwa masika nunua ya wati 10 pamoja na kidhibiti chaji. Iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, ili ipate jua na mvua ioshe vumbi.

Mimi kosa langu lilikuwa pawabenki, ile betri ya kubebeka ya kuchajia simu. Niliichomeka kwenye kipokezi nikalala kwa amani. Sikujua kwamba pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana, kwa kudhani simu imeshajaa. Ilikuwa na chaji tele na ilikuwa imezimika. Ukitaka kutumia pawabenki, iache na kipokezi usiku kucha kwa siku tatu, na kila asubuhi pita mbele ya sensa usikie kama inalia.

Kama una umeme wa gridi uliofika kupitia miradi ya REA, vizuri, lakini hakikisha kipokezi kina betri ndani ya akiba. Umeme ukikatika usiku ndipo giza linapomfaa mwizi. Na wenye kengele ya laini ya simu wakumbuke salio. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na nguvu za betri hapo hazikusaidii.

Kuitikia

Baada ya kuona na kuita, inabaki kazi ya tatu. Kabla hujafunga kengele, kaa na majirani wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Mkubaliane kengele ikilia nani anapiga simu kwa nani, filimbi inapigwa mara ngapi, na nani anakwenda kituo cha polisi. Mkimkamata mtu, mkabidhini akiwa mzima. Na kama mnaishi karibu na hifadhi na aliyeamsha kengele ni tembo au kiboko, usitoke nje kumfukuza peke yako. Piga simu kwa askari wa wanyamapori.

Mimi sasa kipokezi changu kiko kwenye betri yenye paneli ya wati 10, na kila Jumamosi jioni mtoto wa dada yangu hupita mbele ya sensa mara mbili, mimi nikiwa chumbani nasikiliza. Ni kazi ya dakika moja. Zamani angekuwa dunguni na debe na kamba, tena siku za shule. Sasa akimaliza dakika yake anarudi kwenye daftari, na usiku analala.

Ukitaka kufanya hesabu ya kifaa chako, njoo ofisi ya kata siku ya Jumatano ukiwa na ile karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Tutaisoma pamoja kabla hujanunua betri.